Plaiwudi za Baba

Subira alifika nyumbani Msambweni saa kumi za jioni, mikono ikimwasha kwa sabuni. Alikuwa mfuaji wa mashuka katika hoteli moja ya Diani, na siku hiyo aliomba ruhusa atoke mapema amwahi fundi.

Ziro fundi alikuwa keshaingia chumbani kwa Bi Mwanatumu, mamake Subira, akigonga ukuta kwa kidole. Kuta zote zilivikwa plaiwudi, kazi ya marehemu babake. Sasa zilikuwa zimevimba matumbo, na kila asubuhi unga wa mchwa ulijaa kwenye mito ya kulalia, mama akakohoa hadi machozi.

"Dada, dawa ni kuzing'oa," alisema Ziro.

"Zifunike tu. Pigilia mpya juu yake."

"Mchwa hafunikwi, dada."

"Fundi, nimechoka. Funika."

Hakumwambia kwamba alihofia kumvunja mama moyo. Miaka tisa tangu mzee afariki, Subira hakuthubutu kuondoa kitu alichokijenga kwa mikono yake.

Ziro akapiga msumari wa kwanza. Ukazama wote kama umechomwa kwenye uji, ubao ukaachia, ukaanguka chini na kichuguu kizima. Vumbi likatanda. Subira akamkokota mama kutoka kitandani hadi barazani.

"Nisamehe, mama. Kazi ya baba imeharibika."

Bi Mwanatumu alikohoa kwanza, akapangusa midomo kwa leso. "Mwanangu, mimi mbao zile sikuzipenda hata siku moja. Babako alizileta bila kuniuliza. Chumba kikawa giza, joto kama tanuri."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Nilikuona unavyozipangusa kila Ijumaa. Nikasema, ndizo zinazomliwaza, wacha nivumilie."

Subira akakaa kizingitini. Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikuwa na nguvu ya kutoka, yakatoka machozi. Mama akamwacha alie.

"Ng'oa zote," alimwambia Ziro mwishowe.

Kazi ilichukua siku nne: kung'oa, kutia dawa, kupiga plasta na kupaka chokaa. Mama na mwana walilala godoro moja sebuleni. Siku ya tano, ambayo Subira hakuwa na zamu, alimrudisha mama chumbani. Kuta zilikuwa nyeupe, hazijanyooka sana.

"Nifungulie dirisha," alisema mama.

Subira akalifungua, akajilaza kitandani miguuni pa mama na baibui mwilini. Adhana ya alasiri ilimkuta keshalala fofofo, na mama hakumwamsha upesi.