Tangawizi ya Baba Nakiete

1.

Swali. Baba peke yake huvuna shamba la tangawizi kwa siku 6. Mama peke yake, siku 12. Wakivuna pamoja, watamaliza kwa siku ngapi?

Kwa siku moja baba hufanya 1/6, mama 1/12. Jumla, robo ya kazi. Jibu: siku 4.

Nakiete wa darasa la saba aliandika 12.

"Umesahau kumjumlisha baba," alisema Mwalimu Mgonja, mgeni wa mwezi mmoja pale milimani Upare.

"Sikumsahau, mwalimu. Tulimzika."

2.

TANGAZO
Mtahiniwa atakayekosa masomo kuanzia Jumatatu ataondolewa katika orodha ya mtihani. Udhuru wa shughuli za shamba haupokelewi.
Mwalimu Mkuu

3.

Majirani, kisimani:

— Mama Nakiete anavuna tuta moja kwa siku, halafu anakaa chini.

— Mvua ikiikuta tangawizi ardhini, imeoza.

— Na binti yake kamshikilia pale pale shambani. Shule je?

— Mwenzangu, msiba una mkono mzito.

4.

Kule pembe ikilia, watu hutoka na majembe kwenda msaragambo: kazi ya wote, mfereji au barabara. Haipigwi kwa shamba la mtu mmoja.

Nakiete hakuwa na pembe. Alikuwa na darasa.

Watu wakiongezeka, siku hupungua. Ndivyo alivyofundishwa. Jumamosi, mama aliposhuka gulioni, wakaja wote.

"Kiondo! Unavuna au unafukua panya?" msichana mmoja akamtania mwanafunzi mwenzake.

"Panya wenyewe wananiogopa, dada!"

Nakiete akacheka. Tangu mazishi, hakuwa amecheka. Jumatatu aliiona kabisa: dawati, dirisha, jina lake likiitwa.

5.

"Shikamoo mama!" Darasa zima, mikono udongo.

"Marahaba, wanangu." Akatua kapu. "Mmevuna… yote?"

"Yote, mama!"

Yote.

Akawashukuru mmoja mmoja, kwa adabu, kama anavyoshukuriwa mtu aliyekuja kuhani. Walipoondoka akamwambia Nakiete, taratibu, bila hasira:

"Matuta yale aliyapanda baba yako. Kila asubuhi nilifukua moja, nikazungumza naye. Sikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa sitaki yaishe."

Nakiete akafungua kinywa. "Mama, mimi nilidhani…"

6.

Wewe unayesoma, rudia hesabu yake. Watu wengi, kazi ile ile, nusu siku. Tafuta kosa.

Nami nimetafuta.

7.

Jumatatu. Kengele ya shule inashuka mlimani. Nakiete amevaa sare, ameshika njia.

Mama yuko shambani. Anageuza udongo uliokwisha kuvunwa. Anainama, anaokota kipande kilichosahauliwa, kidogo kama kidole cha mtoto, anakifuta kwa khanga.

"Nenda, mama yangu," anamwambia binti yake, bila kugeuka. "Utachelewa."

Nakiete anapiga hatua. Nyingine.

Nyuma yake jembe linalia, linalia,

linanyamaza.

Anasimama. Kengele bado inalia, na yeye anageuka kumtazama mama.