Somo la Familia

Mama Pacha hajawahi kuwa mtu wa kunyamaza, lakini asikudanganye mtu kwamba siku ile alipandisha hasira bure. Sikiliza kwanza, halafu useme wewe ungefanya nini.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Ukimuulizia kwa jina alilopewa na wazazi wake utazunguka mtaa mzima mpaka soli ziishe. Hapa anaitwa Baba Pacha, kwa ajili ya mapacha wao wa kike, na jina hilo ameliitikia tangu siku walipozaliwa. Baada yao akaja kitindamimba, mvulana, ambaye kwa sasa kazi yake ni kutambaa chini ya cherehani ya mama yake akiokota vifungo na kuvitia mdomoni.

Basi ikatokea kampuni moja ya kutengeneza meli, huko ng'ambo wanakosema Kihispania, inatafuta mafundi. Sharti lao lilikuwa moja tu: fundi ajue Kihispania cha kuanzia, maana msimamizi wa kule hana lugha nyingine.

"Mke wangu, mimi nitatangulia," Baba Pacha alisema, macho yanamng'aa. "Nikishatulia tu, nawavuta wote. Hata mwaka hauishi."

Mama Pacha akaamini. Kwa nini asiamini? Mtu umelala naye kitanda kimoja, umemzalia, umemfulia maovaroli yenye matundu ya cheche za moto, leo uanze kumpima maneno?

Na nani alimfundisha hicho Kihispania? Kitabu cha mitumba kilichokatika jalada, na Mama Pacha. Kila jioni yeye anashona, kitabu kakiweka wazi kando ya cherehani, mume kakaa kwenye kiti cha wateja kama mwanafunzi aliyeletwa kwa mwalimu mkuu. Mama Pacha ndiye aliyekata vipande vya karatasi akaandika majina na kuvibandika nyumba nzima: kwenye mlango *puerta*, kwenye kiti *silla*, kwenye meza *mesa*.

"Yaani kiti ni mwanamke na kitabu ni mwanamume?" Baba Pacha alilalamika, walipofika kwenye majina ya kike na ya kiume. "Nani aliwachungulia?"

"Wewe kariri, usiwatafutie watu maneno."

Vitenzi havikumtisha Mama Pacha hata kidogo. *Hablo*, nasema. *Hablas*, unasema. *Habla*, anasema. Mbona ni kama sisi tu, alijiambia, isipokuwa wenzetu wanabadilisha mkiani na sisi tunabadilisha kichwani. Alikanyaga cherehani huku akiimba vitenzi, na wateja wakadhani amepata dhehebu jipya.

Mume sasa, masikini. Ulimi mzito kama nanga. Meza wanaiita *mesa*, jamani, Mungu akurahisishie vipi tena? Hiyo aliipata. Lakini mlango ulimshinda kabisa. *Puerta* iliingia sikio hili ikatokea lile, jioni hadi jioni. Na lililomtoa jasho kuliko yote lilikuwa somo la familia. *Tengo esposa*, nina mke. *Tengo tres hijos*, nina watoto watatu. Akifika hapo anakuna kichwa, anakohoa, anaomba maji.

"Hili gumu, turukie la vifaa vya kazi," husema.

"Haya, turukie," Mama Pacha hujibu, na kumwonea huruma. Huruma! Mpaka leo akiikumbuka huruma ile anatamani kujizaba kofi.

Maana aliacha mengi kwa ajili ya safari ile. Shule ilipomletea kazi ya kushona sare za watoto, kazi ambayo mafundi wenzake wangeigombania, aliikataa. Angeianzaje, na yeye yuko njiani kuondoka? Mapacha nao walishaaga nusu ya darasa lao. Maneno ya kitabu waliyadaka hivihivi kwa kusikia, na kila wakitoka shule waliingia wakisalimia kwa kelele, "¡Hola, papá! ¡Hola, mamá!" mpaka majirani nao wakaanza kuitikia.

Siku ya usaili ikafika. Usaili wenyewe ulikuwa kwa simu ya video, ya kuonana uso kwa uso. Baba Pacha alivaa shati alilonyooshewa na mkewe, akaegesha simu kwenye pasi iliyopoa, juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mama Pacha, nenda uani," alisema. "Ukikaa hapa utanitia woga."

Akaenda. Alimbeba kitindamimba mgongoni, akaanika nguo mbili tatu, lakini uani hapakukalika. Akarudi kwa kunyata, akasimama nyuma ya pazia la chumba cha ndani. Alitaka tu kusikia kama mwanafunzi wake atafaulu.

Kwenye simu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, sauti ya upole, anasema taratibu kama anayemlisha mtoto uji. Akamuuliza jina. Baba Pacha akachechemea, akafika. Akamuuliza kazi. Akachechemea, akafika. Mama Pacha huku nyuma anatamka kila neno bila sauti, anamsukuma kwa midomo.

Kisha yule mama akatabasamu. "Tenemos casas para familias," alisema. "¿Está casado? ¿Tiene hijos?"

Moyo wa Mama Pacha ukaruka. *Casas! Familias!* Wana nyumba za wenye familia! Basi hakuna haja ya kutangulia wala kufuatana, wanaondoka wote pamoja! Kidogo apige kigelegele. Wanamuuliza kama ameoa, kama ana watoto. Somo la familia hilohilo! Akainua vidole vitatu kumkumbusha, kasahau kwamba yuko nyuma ya pazia.

"No, señora," Baba Pacha alijibu. "Soy soltero. No tengo esposa. No tengo hijos."

Mimi ni kapera. Sina mke. Sina watoto.

Na hakuchechemea. Hakukuna kichwa, hakukohoa, hakuomba maji. Maneno yalitoka yamenyooka kama bomba lililofunguliwa, na hapo ndipo Mama Pacha alipojua. Mtu wa ulimi ule hawezi kuisema sentensi ile kwa bahati. Alikuwa ameifanyia mazoezi.

Vidole vitatu vilikuwa bado hewani. Akavishusha, akalivuta pazia, akaenda kusimama mbele ya simu, mtoto mgongoni.

"Buenos días, señora," alisema. "Yo soy la esposa. Tenemos tres hijos. Este es uno." Mke ni mimi, watoto tunao watatu, huyu ni mmoja wao.

Akageuka ili yule mama amwone kitindamimba vizuri. Yule mama akavua miwani. Akamtazama mtoto, akamtazama Baba Pacha, akasema, "Gracias, señora," kwa sauti ndogo. Simu ikakatika.

"Umenikosesha kazi!" Baba Pacha aliruka. "Mwanamke una wazimu wewe! Mimi sikuelewa swali! Kihispania changu si unakijua?"

"Nakijua sana. Njoo hapa."

Alimshika mkono wa shati lile alilolinyoosha mwenyewe, akamburuta mpaka mlangoni, akaifunika ile karatasi kwa kiganja.

"Huu unaitwaje?"

"Acha utoto, Mama Pacha."

"Unaitwaje?"

Baba Pacha akameza mate. Akautazama mlango kama anauona leo. "Si... *silla*."

"*Silla* ni kiti!" Mama Pacha alipiga kelele mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia. "Mlango unaoingilia na kutokea kila siku ya Mungu hujui jina lake, lakini 'sina mke, sina watoto' unaimwaga hata pumzi huvuti! Ulikuwa unajifunzia wapi? Kwenye moto wako wa kuchomelea?"

Mume akainamisha kichwa. Hasira zote zilimwisha, akabaki mtu mzima na aibu yake.

"Nilitaka nipumue tu kidogo," alisema. "Matumizi ningetuma."

Mama Pacha akauachia mkono wa shati. Akambembeleza mtoto kwa kumpigapiga mgongoni, macho kwa mumewe, mpaka nje kukasikika viatu vya shule vinakuja mbio.

Mapacha waliingia pamoja, mabegi yanawapiga matakoni, wanahema.

"¡Hola, papá!"

Baba Pacha akarudi nyuma hatua moja.

"Papá, tumemwambia mwalimu! Ameuliza tunakwenda lini. Tunakwenda lini?"

Baba Pacha akamtazama mkewe kwa jicho la kuomba, jicho la mtu anayetaka mwingine amjibie. Mama Pacha akatoka pale mlangoni, akavuta kile kiti cha wateja, akaketi.

"Waambie," alisema. "Kwa Kiswahili, waelewe vizuri."