Begi la Hadeel

Ukitaka kumtia hasira Mastura bint Sleyum, mwambie "lipite tu." Maneno hayo aliyasikia kila siku tangu alipoanza kazi ya forodha katika ghala la mizigo la uwanja wa ndege wa Maskati, na kila siku jibu lake lilikuwa moja: kuvaa glavu. Sanduku la mkwe wa mkubwa fulani, lipite tu. Kifurushi cha haji, lipite tu. Yeye alifungua. Wenzake walimwita Bi Funguo akiwapa kisogo. Alijua, na jina lilimpendeza.

Lakini asubuhi ile aliyetaka lipite alikuwa ami yake.

"Mastura mwanangu," Ami Marhoon alisema kwenye simu, kwa sauti ya kubembeleza mtoto mchanga. "Begi la Hadeel limefika. Nimeulizia, zamu yako leo. Nimefurahi, wallahi. Lipitishe, nami nnakuja kulichukua."

Hadeel ni mdogo wake Mastura, wa pekee, na Ijumaa alikuwa aolewe na Ayman, mtoto wa huyo huyo Ami Marhoon. Begi ni zile zawadi ambazo watu wa bwana harusi humpelekea bi harusi: kanga, magauni, viatu, dhahabu, manukato, udi. Baba yao, Sleyum, alikufa zamani, na kwa kuwa hawana kaka, ndugu yake Marhoon ndiye aliyekuwa walii, mwenye haki ya kumwozesha Hadeel. Baba wa bwana harusi, walii wa bi harusi: kamba alikuwa ameishika ncha zote mbili. Kila Idi aliuvuka mlima kutoka jumba lake la Qurum hadi kwenye nyumba yao ya Al Amerat, na kondoo nyuma ya gari. Mtu wa namna hiyo utamshuku kwa lipi?

"Limetoka wapi, ami?"

"Afrika, bara. Vitu vya kina mama tu. Kanga, vitenge. Na udi. Udi wa haja, utausikia mwenyewe."

Mastura alikata simu akabaki ameishika mkononi. Udi kutoka Afrika? Udi hutoka mashariki, Bara Hindi na Kambodia huko, na kila mtoto wa Maskati analijua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Bibi zake waliokuwa Unguja waliungoja uje kwa meli. Kuleta udi Maskati kutoka Afrika ni kumpelekea mvuvi wa Sidab samaki wa kopo. Anayefanya hivyo ama kapunjwa, ama ana lake. Na Ami Marhoon hakuwa mtu wa kupunjwa.

Tena kulikuwa na ule ujumbe. Wiki ile forodha za nchi nyingi zilikuwa zikifanya kazi pamoja, zikipeana habari za silaha, dawa za bandia na nyara za wanyama. Wenzao wa bara waliandika kwamba kifaru amekutwa porini amekatwa uso, na karibu yake amelala askari wa hifadhi, amepigwa risasi. Pembe ilikwishakatwa vipande, ikapakiwa kwenye ndege pamoja na vyombo vya nyumbani, kuja pande za Ghuba.

Mastura hakuhitaji kuambiwa inakuja kufanya nini. Jambia lenye mpini wa pembe, ule unaong'aa kama asali ukiushikilia juani, bado lina wazee wanaolitamani hata kama sheria imelikataza. Na kwenye mafunzo, mwalimu mmoja kutoka bara aliwaambia neno lililomkaa rohoni: pembe inakwenda, bunduki inarudi. Wanunuzi wa mipini ndio wanaowanunulia majangili risasi.

Basi akaenda ghalani.

Begi lenyewe lilikuwa zuri, la mahameli ya kijani, limefungwa utepe wa dhahabu. Kwenye eksirei vipande vya udi vilionekana kama ukungu, isipokuwa baadhi yake, vilivyokuwa vizito na vyeusi zaidi kuliko mti wowote. Mahfoudh, mkuu wa zamu, alitazama mara moja akageuza uso kwa haya.

"Begi la bi harusi hilo. Mna nguo za ndani humo! Mwanamume gani atatia mkono? Lipite tu, Mastura."

Hapo ndipo Mastura alipoona ujanja wote ulivyopangwa. Ule utepe ulikuwa na nguvu kuliko kufuli, kwa sababu ulilindwa na haya ya wanaume wema kama Mahfoudh. Na kama haya isingetosha, basi damu ingetosha, maana zamu ilikuwa ya mtoto wa ndugu.

Ami Marhoon aliingia wakati Mastura anavaa glavu, mkasi uko mezani. Kanzu nyeupe, kilemba kimekaa, bakora mkononi, harufu nzuri ikimtangulia. Alipouona mkasi alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Unafanya nini? Begi la harusi halifunguliwi ghalani. Hufunguliwa nyumbani, na kina mama wa upande wa bi harusi, kwa vigelegele. Ndo ada yetu. Unataka kumtia nuksi mdogo wako?"

"Ada naijua, ami. Mimi mwanamke au si mwanamke?"

"Mwanamke."

"Wa upande wa nani?"

Marhoon aligonga bakora chini.

"Basi lishafika kwa wenyewe."

Mzee alisogea karibu, akashusha sauti. "Sikiza, Mastura. Mimi ndiye walii. Ukikata utepe huo hakuna ndoa Ijumaa. Hadeel atakaa ndani azeeke, na kila akiamka atajua nani kamkalisha."

Mastura aliogopa. Tusimpambe, aliogopa kweli. Hadeel alikuwa mtoto wake wa kwanza kabla hajapata mtoto yeyote. Alimsuka, alimfundisha kusoma, alimsikia akilitaja jina la Ayman usingizini. Kumwoza Hadeel ndiyo ilikuwa ndoto ya nyumba nzima. Lakini kuna mwanamke mwingine huko bara ambaye mumewe alikwenda kazini akiwa amevaa sare, kama Mastura alivyovaa, akarudishwa amefunikwa. Maji akishayavulia nguo hana budi kuyaoga.

Akakata utepe. Kisha akainua kichwa, akapiga kigelegele.

Kilikuwa kigelegele cha haja, kirefu, kikapanda mpaka kwenye mabati. Dereva wa winchi alisimamisha winchi. Mahfoudh alishika kifua. Na kutoka mwisho wa ghala, wanawake wa usafi, wawili kutoka Mombasa, wasiojua kinachosherehekewa ni nini, walijibu kwa vya kwao, maana kigelegele hakiachwi peke yake.

"Kanga hizo!" alitangaza Mastura, akizitoa pea moja moja na kuziweka mezani kama somo wa bi harusi anavyofanya mbele ya wageni. "Mashallah, ami, mkono wako si mfupi. Na kitenge. Na viatu. Na hizi sizitangazi, Mahfoudh angalia ukutani."

Mahfoudh alikwisha kuangalia ukutani kitambo.

Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa udi. Vipande vya rangi moja, vimepakwa mafuta, vyote vikinukia vizuri. Mastura hakubishana na mtu. Kwenye meza ya kahawa ya zamu, kama ilivyo kwenye ofisi yoyote ya watu wa Oman, chetezo kilikuwa kinafuka tangu asubuhi. Mahfoudh mwenyewe alikwishaifukiza kanzu yake. Mastura akakileta. Akakwangua unyuzi kutoka kipande chepesi, akauweka juu ya kaa. Moshi ukapanda, mtamu.

"Umeona sasa?" alisema Marhoon.

Akachukua kipande kizito. Akakwangua unyuzi mwembamba kuliko wa kwanza, kipande chenyewe akakitenga kwa ajili ya maabara, akauweka juu ya kaa lile lile.

Ghala likanuka kucha, maana pembe ya kifaru na kucha asili yake moja. Ile harufu ya nywele zilizoguswa na moto, inayokukaa kooni. Mahfoudh alijiziba pua kwa ncha ya mkono wa kanzu.

"Udi gani huu, ami?" aliuliza Mastura. "Mnamfukiza bi harusi kwa kucha?"

"Nimeuziwa. Sikujua."

"Lakini ulijua ni zamu yangu."

Mzee alitazama chini. Aliponyanyua uso, ule upole wote ulikuwa umekwisha. "Mipini tu! Wa Ayman na ya rafiki zangu wachache. Wazee wetu walivaa, babako kavaa, hakuna aliyewaita wezi. Hatukumuua mtu sisi."

"Aliyeuawa yupo, ami. Ana mke."

"Sisi tulitaka pembe ya mnyama tu, Mastura. Ungelifunika."

"La kuvunda halina ubani," alisema, akamwita Mahfoudh ageuke sasa, kazi yake imefika.

Nyumbani Al Amerat simu zilikuwa zimemtangulia. Mama yake, Bi Masouda, alikuwa amekaa sebuleni na jamaa waliotoka kwa Marhoon, na hawakumkaribisha. Walisema jambo moja kwa sauti nyingi: aandike kwamba alikosea, kwamba chetezo si maabara, mzee atoke, ndoa ifungwe. Marhoon alikwishatuma neno kutoka alikozuiliwa kwamba bila hivyo hamwozeshi mtu.

"Umemtia ndani ndugu wa babako kwa pembe ya mnyama!" alilia Bi Masouda.

"Siandiki, mama."

"Na mdogo wako?"

Mastura aligeuka. Alimwangalia Hadeel, aliyekuwa amekaa pembeni na hina iliyokorogwa mbele yake, haijaguswa. Kwa wote waliokuwamo mle ndani, wa kumwogopa alikuwa huyo.

"Ilikuwa ndani ya begi langu?" Hadeel aliuliza taratibu.

"Ndani ya begi lako."

"Sehemu gani?"

"Chini kabisa. Chini ya zile nguo."

Hadeel aliisogeza kando ile hina. Kisha uso ukamwiva, na Mastura, aliyemlea, alijua kwamba si aibu.

"Nguo zangu za ndani kazifanya pazia la wizi wake," alisema. "Na nyinyi mmekuja kunililia mimi?"

Akachukua simu, akampigia Ayman mbele ya wote, na wala hakutoka nje kama mwari anavyotakiwa.

"Ayman, babako kagoma kuniozesha. Walii akigoma, kadhi ndiye walii. Wewe unanitaka au unataka mpini? Kama unanitaka, tukutane kwa kadhi. Kama hunitaki niambie sasa hivi, hina inakauka."

Hakuna aliyesikia Ayman alijibu nini. Lakini Hadeel aliweka simu chini, akamnyooshea dada yake mikono yote miwili apakwe.

Ndoa haikuwa Ijumaa ile. Kadhi naye ana mwendo wake. Ilikuwa Ijumaa nyingine, baada ya alasiri, na nusu ya viti vilikuwa vitupu. Jamaa wa Qurum hawakuvuka mlima. Bi Masouda alipika, akapanga, akapokea wageni, na kwa muda wote huo hakusema na Mastura isipokuwa kumwambia hamisha hiki.

Mastura alisimama mlangoni na chetezo, kwa udi wa haki, akiwafukiza wanaoingia. Ayman alikuja na rafiki zake, macho mekundu. Asubuhi alikuwa amekwenda kumwona baba yake. Kiunoni alikuwa na jambia. Alipofika mbele ya Mastura alilivua, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Likague, dada."

Rafiki zake walicheka, wakidhani ni mzaha wa harusi. Mastura hakucheka. Alilichukua, akaligeuza, akakwaruza mpini kwa ukucha, akaunusa. Kicheko kikafa. Alipima uzito wake kiganjani, bila haraka, watu wakingoja juani.

"Sandali," alisema, akamrudishia. "Pita."

Ndani, kabla ya mwanamke mwingine yeyote, Bi Masouda alipiga kigelegele.