Chupa ya Ek Penye Nguzo

"Ameinywa yote mpaka mrija ukalia," alisema Prasoet, amesimama katikati ya kichochoro, mikono kiunoni. "Nimemwona kwa macho yangu haya. Soda ya maiti."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini pale nguzoni? Unachungulia wanawake?" nilimuuliza, huku nageuza mishikaki yangu ya nguruwe.

"Usinichekeshe, Orathai. Wewe ndiye uliyempangisha. Mzimu umeshampanda mgongoni, na ukuta wake ndio ukuta wangu. Nitalalaje?"

"Kama ulivyolala siku zote, unakoroma mpaka feni zako za watu zinaogopa kupona."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Prasoet ni fundi feni, na akiogopa kitu hugombana nacho.

Aliyekuwa akisemwa alikuwa mlangoni kwangu, mikono ameificha ndani ya mikono ya blauzi. Anaitwa Mi Htaw, wa kabila la Wamon, kutoka ng'ambo ya mpaka, Burma. Tangu aje hapa mjini Mahachai alikuwa akimenya kamba wa baharini kiwandani, na yale maji ya barafu yalimla vidole hadi kucha zikaanza kutoka. Msimamizi akamwambia rudi ukipona. Nani apone, na huko ndiko alikoumia?

Ndipo Lamduan, muuza vinywaji baridi wa pale kona, alipomwambia: jifunze majina ya vinywaji vyangu vyote kwa lugha yetu, Jumatatu uanze kwenye mkokoteni. Wateja wangu hawana subira na mtu wa kunyoosha kidole.

Basi kila jioni ngazi yangu ikawa darasa. Lamduan humimina kidogo kikombeni, Mi Htaw hunywa, kisha hutaja. Bila kunywa, hapewi jina. Nam plao, maji matupu. Oliang, kahawa nyeusi ya barafu, na hapo uso ukamkunjamana. Cha yen, chai yenye maziwa ya kopo, akafumba macho. Nam manao, ndimu. Vijana wa bodaboda nao hawakuwa na kazi nyingine. "Mke wangu mtarajiwa, nipe oliang, sukari kidogo, mapenzi mengi." Yeye huitikia tu, "Oliang, sukari kidogo," na kile kingine hukiacha huko huko. Tulimpenda.

Kilibaki kimoja, nam daeng, ile soda nyekundu. Hicho Lamduan hakukileta ngazini. Alisema tu, "Ni nyekundu, utaiona," akakusanya vikombe. Sisi tulijua sababu. Ek, mwanawe wa pekee, tangu utoto hakunywa kingine. Lori lilimkanyaga pale kona na pikipiki yake. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuuza chochote, mama yake hupeleka chupa ya soda nyekundu kwenye nguzo ya umeme, akaifungua, akatia mrija, akawasha kijiti cha udi, akaondoka. Hakuna aliyemweleza Mi Htaw. Utaanzia wapi?

Na yeye alikuwa ameona mambo kwangu. Ndizi ninazoweka kwenye kijumba cha mizimu ya nyumba, udi ukiisha huwa nakunja mikono, naomba ruhusa, nazishusha, tunakula. Ni baraka. Hata yeye nilimpa. Lakini aliyekufa barabarani ni habari nyingine. Yule kafa ghafla, ana njaa na kiu, na anatafuta wa kufuatana naye. Chake hakiguswi. Haya tumekua nayo, wala hatukukumbuka kwamba ni kitu cha kufundishwa.

Mkokoteni ulisikika. Lamduan alikuwa amefika, na mtu alikuwa ameshamwambia njiani.

"Ni kweli?"

"Kweli, shangazi," alisema Mi Htaw. "Nilingoja udi uishe. Niliomba. Kesho ni Jumatatu, na ile moja nilikuwa sijaionja."

Lamduan alikaa kwenye kigoda changu. Nilidhani atapiga kelele.

"Ikoje?"

"Ya moto. Gesi imeisha. Sisimizi walikuwa ndani. Tamu, mpaka koo linauma."

"Mimi huwa naondoka mapema," Lamduan alisema. "Sijawahi kurudi kuangalia."

"Twende hekaluni, mtawa amnyunyizie maji, kisha ahame," Prasoet alianza.

"Prasoet, nyamaza kidogo, kaka." Lamduan alimtazama Mi Htaw. "Ulipokuwa unakunywa, alikuja? Ulimsikia mtu karibu nawe?"

Mshikaki ukaungua, nikauacha. Angesema ndiyo, kazi ingekuwa yake, na labda hata chumba na chakula cha kila siku. Nilimkonyeza. Aliniona.

"Hapana, shangazi. Hakukuwa na mtu."

Lamduan aliinuka, akashika mkokoteni wake.

"Kesho usije," alisema. "Sitaweza kukuangalia ukiimimina ile nyekundu."

Hakusema kwa hasira. Alisukuma mpaka mlangoni kwake, chupa zikigongana, akaanza kuingiza ndoo za barafu. Watu walitawanyika, kila mmoja na la kwenda kusimulia. Mi Htaw alitoa mikono yake nje, akaitazama, akaniuliza kama lori la kiwandani bado linapakia watu alfajiri. Nikamwambia ndiyo.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nimeshiba, dada."

"Muongo huyo," Lamduan alisema kutoka mlangoni, akiwa ametugeuzia mgongo. "Hajala tangu asubuhi, kwa vidole vile atashikaje sufuria. Orathai, mlete. Na wewe Prasoet, kama unaogopa, kaa kizingitini, sahani yako itakufuata huko." Kisha akageuka. "Mi Htaw, ingia ule."