Komeo la Mama Fundi

Barua ya kwanza kuwekwa mezani kwangu wizarani nilikuwa nimeiandika mimi mwenyewe.

Sikuhitaji kufika kwenye sahihi. Niliijua kwa ile sentensi yangu ya mwisho, "Tunaomba majibu ndani ya siku kumi na nne," ambayo kila mara niliipigia mstari kwa rula, kana kwamba mstari ulionyooka ungemtisha mtu. Kwa miaka sita katika chama chetu cha wanasheria watetezi wa haki za binadamu niliandika barua kama hiyo mpaka kidole kikaota sugu, na serikali ilitujibu kwa mhuri mmoja tu: IMEPOKELEWA. Tuliishi kwa mhuri ule. Kwenye ripoti ya mwaka tuliuita ushirikiano.

Kisha chama na wizara vikasaini makubaliano, na wizara ikaomba mwanasheria mmoja wa kwetu akakae kwenye kitengo chake cha malalamiko. Nikachaguliwa mimi. Siku ya kuniaga, mwenyekiti wetu aliinua chupa ya soda akasema sasa tuna mtu wetu ndani. Nilivimba kichwa, sikatai. Nilinunua na tai.

Barua yenyewe ilimhusu fundi redio aliyechukuliwa kibandani kwake mchana na watu wenye gari lisilo na namba. Mama yake, ambaye ofisi nzima tulimwita Mama Fundi, alikuwa akija kila Jumatatu kukaa kwenye benchi letu. Hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa na swali moja tu, na aliniuliza mimi kwa sababu, kwa maneno yake, nilikuwa na masikio makubwa kama ya mwanawe.

"Mwanangu wakili, ufunguo wa nyumba anao. Lakini nikifunga komeo kwa ndani, ufunguo hautamsaidia. Na wezi wameshaingia mara mbili. Sasa niambie, nifunge au nisifunge?"

"Usifunge kwanza, mama. Tunafuatilia."

Nilimjibu hivyo mwaka mzima.

Sasa jalada lilikuwa langu, nikalifungua. Chini ya barua zangu saba, zote zimegongwa mhuri, kulikuwa na karatasi ya hospitali na bahasha ndogo iliyobanwa kwa pini. Karatasi ilisema fundi alifariki siku ya tatu baada ya kukamatwa. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya siku ya tano. Mwaka mzima nilikuwa nawadai mtu aliyekwisha kufa, tena kwa rula. Ndani ya bahasha mlikuwa na bisibisi, na ufunguo uliofungwa kipande cha waya mwekundu wa redio.

Nilikwenda kwa mkurugenzi, mama mpole anayekuita "mdogo wangu" hata anapokunyima likizo.

"Mama huyu anastahili kujua," nikasema.

"Anastahili, mdogo wangu. Lakini jalada lina alama ya siri, na alama hiyo hatukuiweka mimi wala wewe. Andika kwamba suala linashughulikiwa. Na uyafikirie hayo makubaliano yenu. Mkitutia aibu mwezi wa kwanza tu, nani atazipokea barua zenu tena?"

Niliandika. Aibu yangu naisema wazi: niliandika vizuri, kila koma mahali pake. Ila ufunguo sikuurudisha kwenye bahasha.

Tangu hapo sauti ya Mama Fundi ikaanza kuniuliza hukohuko wizarani. Lifti ikijifunga, namsikia: nifunge? Karani wa masjala akitoka na kuuacha mlango wazi, namsikia: nisifunge? Nikawa nainuka katikati ya vikao kwenda kufunga milango, wenzangu wakanibandika jina la Bawabu, nami nikacheka nao. Mfukoni ufunguo ulikuwa na joto muda wote. Nilijua ni joto la paja langu, lakini kila nilipougusa nywele zilinisimama.

Ijumaa ya wiki ya nne niliaga kwamba naenda kwa daktari wa meno, nikaenda kwa Mama Fundi. Nilibisha hodi mara mbili. Kimya. Mwoga mimi, nikashukuru. Nikajiambia nitafungua mlango, niuweke ufunguo juu ya meza, niondoke zangu. Atauona, ataelewa, nami sitakuwa nimetoa siri ya mtu. Sisi wanasheria hatukosi pa kupenyea.

Ufunguo ulizunguka mara moja tu, kwa ulaini. Komeo lilikuwa wazi, kama nilivyomwagiza.

Huko uani sauti ya maji ikakoma.

"Umerudi, baba?"

Nikasikia kandambili zikija mbio. Ningepaswa kujibu, nimsimamishe kabla hajafika. Akatokea na povu la sabuni mikononi, uso unamng'aa hivi kwamba sikumtambua. Akanitazama mimi. Akautazama ufunguo kwenye kitasa, na ule waya mwekundu ukiwa bado unaning'inia.

Akafuta mikono kwenye gauni lake, kidole kimoja kimoja, mpaka vyote kumi vikakauka.

"Ingia ndani, mwanangu," akasema. "Ufunge na komeo."