Koti la Pantaleo

Mgeni alifika Ilala Jumanne asubuhi, na kabla hajautua mfuko wake, Benedikta alikuwa amekwisha kumchukia.

Jina lake Candida. Alitoka Mueda, Msumbiji, akavuka mto Ruvuma kwa mtumbwi, akabadilisha magari siku nne. Vita vya kwao vilikwisha mwaka uliotangulia, ndipo njia ikafunguka. Mama yake na marehemu Pantaleo, mume wa Benedikta, walikuwa watoto wa dada wawili. Kwa Wamakonde, basi, Pantaleo alikuwa mjomba wake hasa.

"Shikamoo, mama," alisema, akikitazama kitambaa cheusi cha kaniki, alama ya msiba, kilichofungwa mkononi mwa mjane.

"Marahaba." Benedikta aliuficha mkono. Hakumwuliza amekuja kwa jambo gani. Aliogopa jibu.

Yeye ni Mngoni wa Peramiho, na kwao mali hufuata baba. Lakini Severa, mpangaji wake wa chumba cha mbele, alikuwa amemwonya tangu msibani kwamba kwa Wamakonde mali ya mwanamume huchukuliwa na watoto wa dada zake. "Hao hawaachi kitu, dada," alisema Severa. "Hata ufagio wanaubeba." Na siku hizi za biashara huria, matajiri wa Kariakoo walikuwa wakipita mitaani kutafuta nyumba za zamani wazibomoe wajenge ghorofa. Nyumba ile ya vyumba sita aliyoachiwa na mumewe ndiyo iliyomweka Benedikta mjini. Hakuwa na kingine.

Mchana huohuo alizipeleka hati kwa Severa zikafichwe chini ya godoro. Kisha akalifungua sanduku la marehemu. Kila nguo aliiona kama shahidi atakayesimama barazani na kusema, mwenye nyumba hii alikuwa mtu wetu. Zilikuwa chache: suruali mbili, shati la kanisani, na koti la kaki ambalo Pantaleo alilivaa kazini bandarini. Kifungo chake kimoja kilipotea, Benedikta akashona cheupe. Zote alizichanganya na mitumba yake ya kuuza, ile watu waiitayo kafa Ulaya.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjini hakuna shamba, kwa hiyo Alhamisi Benedikta alimtwika Candida furushi, wakaenda soko la Mchikichini. Nyumbani alimpakulia peke yake uani, kwenye sahani ya bati. Sokoni aliwaambia wauzaji wenzake, mgeni akisikia, kwamba kuna watu wenye pua za tai, hunusa kifo tangu ng'ambo ya mto. Wenzake wakacheka. Candida akaendelea kukunja nguo. Aliuza kuliko mwenye meza. Wanaume aliwavalisha makoti mwenyewe, akawapangusa mabega.

Kila alfajiri Benedikta alisali rozari akimwomba Mungu amwondolee mgeni huyu. Jumamosi, kwenye sala za jumuiya, yalisomwa maneno ya Bwana: nilikuwa mgeni, mkanikaribisha. Akainamisha kichwa, akaomba jambo lilelile. Mtu mwenye hofu aweza kusali sana na asisikie neno.

Jumapili baada ya misa, Candida alifunga mfuko wake. Moyo wa Benedikta ukatulia kidogo, akapata ujasiri wa kejeli.

"Unaondoka mikono mitupu, mwanangu? Si ulifuata nyumba?"

Candida alikaza kamba ya mfuko. "Kwetu, aliyetumwa kwa habari za msiba hasemi mpaka mfiwa amwulize. Nimekaa siku sita nangoja uniulize, mama."

"Haya, nimekuuliza."

"Nyumba mimi siijui. Mama yangu ni mgonjwa, anataka kumzika ndugu yake kabla yeye mwenyewe hajafa. Mjomba alipofariki, vita vilituzuia. Nimetumwa nguo moja aliyoivaa, tukaizike Mueda kwenye makaburi ya ukoo. Nikiipokea kwako, nikufungue hicho kitambaa, uwe huru."

Benedikta alikaa kizingitini. Miaka miwili alikuwa na kaniki ile mkononi, kwa sababu watu wa mume tu ndio wanaoruhusiwa kuifungua. Alisema nguo hazipo. Candida akauliza zilikokwenda.

"Zilikuwa ndani ya furushi lile," Benedikta alisema. "Koti la kaki, lenye kifungo kimoja cheupe."

Candida aliinua mikono yake miwili, akaitazama.

"Nililiuza mimi," alisema. "Ijumaa. Mtu mmoja mrefu. Nikamwambia limemkaa kama alishonewa yeye."

Benedikta aliingia ndani mbio, akarudi na koti jingine la kaki, zuri kuliko lile, akamwekea mikononi.

"Hili la kafa Ulaya," Candida alisema, akilirudisha. "Lina wafiwa wake huko lilikotoka. Nikamzike nani Mueda, Mzungu?"

Benedikta akamnyooshea mkono wenye kaniki, akamsihi aifungue hata hivyo, Mungu anaona. Candida alikwisha kuubeba mfuko. Hakupaza sauti.

"Umeuza maiti yetu, tena ukaniuzisha mimi. Kaa na kitambaa chako. Mama nitamwambia mjomba bado anatembea Dar es Salaam."

Jioni Severa alizirudisha hati. Nyumba iko salama, wala hajatokea mtu wa kuidai.

Benedikta bado anauza Mchikichini. Wateja yeye hawatazami usoni tena. Huwatazama kifuani, kifungo kwa kifungo. Na katika rozari yake ya alfajiri ombi limebaki moja tu, kwamba yule mtu mrefu apite.