Saa ya Baba Imenenepa

Fundi cherehani alikuwa akimpima mama yake mkono wa gauni alipoona kwamba saa ya marehemu baba, aliyoivaa mama, imenenepa. Akaipitishia futi juu kwa juu, akijifanya anapima kiwiko.

"Unapima nini huko?" mama akauliza.

"Mkono, mama. Tulia."

Uso wa saa ulikuwa mweusi uleule, na mishale ileile myembamba. Lakini penye namba tatu palikuwa pametobolewa kidirisha cha tarehe. Kioo, ambacho zamani kilituna kama tone la maji na kujaa mikwaruzo, sasa kilikuwa bapa, safi. Na zile nukta za kung'aa gizani, zilizogeuka rangi ya chai mkononi mwa baba kwa uzee, bado zilikuwa rangi ya chai, ila sawasawa mno, kana kwamba uzee wenyewe umepakwa kwa brashi.

Si juzi tu mdogo wake, muuza simu, aliichukua akasema anakwenda kuisafisha?

Asubuhi akamfuata dukani. Salamu hakumaliza.

"Saa ya baba umeiuza wapi?"

Wateja wawili wakageuka. Mdogo wake akaanza kufuta simu ambayo haikuwa na vumbi.

"Dada, saa anayo mama."

"Ile nyingine. Usinifanye mtoto. Mwizi mkubwa we!"

"Kampuni imeitoa upya. Ni ileile, wameikuza tu, watu wa siku hizi wanapenda kubwa. Tena haihitaji kutiwa ufunguo."

"Sikukuuliza habari za kampuni."

"Basi kamuulize mama."

Anamsingizia mama! Akarudi nyumbani anafoka peke yake njia nzima.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kopo la vifungo chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na saa ya baba, mgongo umechubuliwa, mshale mmoja umeng'oka.

"Niliiloweka pamoja na nguo. Nikaifungua kwa kisu cha jikoni niikaushe, ndiyo nikaimaliza kabisa. Nikamwomba mdogo wako anitafutie mfano wake, nikamwapisha asikwambie."

"Kwa nini, mama?"

"Wewe huulizi, mwanangu, unahoji. Kikombe kilipovunjika ulituweka kikao."

Kwa mazoea, akamtazama mama usoni akitafuta uongo. Aliona woga tu. Mama yake mzazi alikuwa akimwogopa.

Akampigia mdogo wake. Simu ikaita mpaka ikakatika. Ya pili ikapokelewa.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Uliniita mwizi mbele ya wateja, dada. Sasa unaniomba radhi sikioni."

Akajitupia mtandio, akatoka kwenda dukani kuyasema maneno yaleyale kwa sauti, mbele ya mteja yeyote atakayemkuta.